Mbega wa Mikaratusi ya Mjomba

Nilijificha nyuma ya mkaratusi katika shamba la mjomba wangu huko Gwassi, kikombe cha uji mkononi, nikalia kama mbega dume. Hilo ndilo jambo la kijinga nililolifanya, na naliweka hapa mbele kabisa ili msije mkalisikia kwanza kwa Mzee Marwa, ambaye hulisimulia vibaya. Yeye husema nililia kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope. Si kweli. Nililia vizuri sana. Na shida yote ilianzia hapo, kwamba nililia vizuri.

Sasa nyinyi wa Form One na Form Two wa klabu ya wanyamapori, kaeni niwaambie. Nimesikia Daktari Nekesa anatafuta wanafunzi wawili wa kumsaidia likizo ijayo, na kwamba mmeanza kugombania nafasi hiyo kama mandazi ya saa nne. Mimi nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, niko Form Three, na nimestaafu kazi ya kutafuta mbega. Kiinua mgongo changu ni buti za mpira zilizotoboka, moja kubwa kuliko mwenzake, na kumbukumbu ya upupu mahali ambapo siwezi kuwaonyesha mbele ya wasichana. Mstaafu ana ruhusa ya kutoa mawaidha hata kama hakuna aliyemwomba. Ndiyo raha pekee niliyoiona katika kustaafu.

Daktari Nekesa ni mama wa Kakamega, mwalimu wa chuo kikuu. Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu, ndiyo maana kazini tulizungumza Kiswahili. Alitaka kujua mbega wanaweza kuishi wapi katika upande huu wetu wote, kuanzia Ogwedhi kule tunakopakana na Narok, mpaka milima ya Gwassi inayotazama ziwa. Sikilizeni hapo vizuri, kwa sababu mimi sikusikiliza. Hakusema wako wapi. Alisema wanaweza kuishi wapi. Mtu yuko mahali alipo, lakini je, akifukuzwa hapo, ana pengine pa kwenda? Hilo ndilo swali lake, na nililibeba likizo nzima kama mtu aliyebeba debe bila kuangalia ndani mna nini.

Kwa wale ambao kwenu kila kitu chenye mkia ni ong'er, yaani tumbili: mbega ni yule mweusi mwenye joho jeupe mabegani na shungi jeupe kwenye ncha ya mkia, kama padri aliyesahau kushuka mtini. Anakula majani. Hashuki kuiba mahindi yenu, huyo ni ong'er na hao binamu zake wengine. Zamani aliwindwa kwa ngozi ya kuchezea ngoma. Siku hizi ngozi si shida kubwa, shida ni miti yake inaingia motoni. Tena hana kidole gumba. Mzee Marwa husema ndiyo maana diwani hamjali: bila kidole gumba huwezi kupata kitambulisho, na bila kitambulisho huwezi kupiga kura.

Huyo Mzee Marwa ni Mkuria, aliwahi kuwa askari wa wanyama, na ndiye aliyenifundisha kutembea. Mnafikiri mnajua kutembea. Siku ya kwanza alinisimamisha kabla hatujafika hata mtoni.

"Wewe kijana, hii miguu yako ni ya kuingia msituni ama ni ya kupeleka ng'ombe Ogwedhi?"

"Ni buti, mzee. Kubwa."

"Buti haina makosa. Buti inafuata mwenye iko ndani."

Akanionyesha: kisigino mwisho, ncha ya mguu kwanza, na ukikanyaga kijiti kikavu, simama, usiendelee, ili mnyama afikiri ni tawi limejiangukia lenyewe. Akanifundisha kuhesabu mikia badala ya vichwa, kwa sababu mbega huficha kichwa kwenye majani na kusahau mkia nje, kama yule mwenzetu aliyejificha chini ya kitanda mwalimu wa zamu alipoingia bwenini. Mtoto mchanga mhesabu mwenyewe, ni mweupe wote, utamwona tu kifuani mwa mama. Na usimkodolee macho mama mwenye mtoto. Tazama pembeni, kama unayengojea gari.

Lakini mbega wengi hutawaona, mtawasikia. Alfajiri dume hulia, akitangaza kwamba hapa pana mwenyewe. Sauti yake ni injini ya posho mill ya kusagia unga inayokataa kuwaka: rrro, rrro, rrro, halafu kimya, halafu tena. Sasa kazi inakuwa hivi. Mmoja anakaa kilima hiki, mwingine kilima kile, kila mmoja na dira yake. Dume akilia, kila mtu anaielekeza dira kwenye sauti na kuandika. Mkirudi, mnachora mistari miwili kwenye ramani, na pale inapokutana ndipo mbega alipo. Daktari anaweka nukta nyekundu. Mara ya kwanza kuona mistari hiyo ikikutana juu ya mti ambao nilikuwa nimemwona dume kwa macho yangu, niliichora upya yote miwili kuhakikisha. Mzee Marwa aliniuliza kama ninaumwa.

Basi likizo ya Agosti tulikwenda Gwassi, upande wa Homa Bay, alikotoka mama yangu alipoolewa. Kwetu watu humwita nyar Gwassi, binti wa Gwassi, na akikasirika hukumbuka kwamba yeye ni mtu wa milimani na sisi ni watu wa bondeni tu. Tulilala kwa mjomba wangu Ogutu, kaka yake mkubwa. Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo Wajaluo mnalijua na wengine hamlijui. Mtoto wa dada yao akifika kwa wajomba zake ni okewo, na okewo haulizwi. Akikamata kuku akamchinja, ni sawa. Akilala mpaka jua liwe utosini, ni sawa. Akimwambia mjomba kwamba kofia yake inafanana na kiota cha kunguru, watu watacheka na mjomba atacheka nao. Mimi nilikuwa okewo kamili, na nilikuwa nimekula kuku wawili kuthibitisha.

Asubuhi hiyo Daktari alipanda kilima kimoja, Mzee Marwa kingine, mimi wakanipa cha tatu, cha chini, juu ya shamba la mjomba la mikaratusi. Baridi ya Gwassi alfajiri si ya kuzungumzia. Hakuna mbega aliyelia. Nilikaa nikasikia jogoo, nikasikia mbuzi, nikasikia meno yangu. Halafu nikasikia harufu ya uji kutoka jikoni kwa mke wa mjomba. Nikashuka. Nikapewa kikombe. Na pale nyuma ya mikaratusi, uji ukinipasha moto tumboni, nikawafikiria wale wakubwa wawili wamejikunja huko juu na dira zao, hawana hata kitu kimoja cha kuandika. Nikawahurumia. Nikalia.

Nilikuwa nimejizoeza bwenini, mnajua wenyewe, wale niliowaamsha. Nikalia mara moja, nikanyamaza kama dume mwenyewe anavyonyamaza, nikalia tena. Mjomba alitoka na mswaki mdomoni akanikuta, akacheka mpaka povu likamtoka.

Nilidhani wakishuka nitawaambia tucheke wote. Lakini Daktari alishuka akikimbia. Mama mtu mzima, na miwani yake, anakimbia mteremkoni.

"Mmesikia?" aliuliza. "Odongo, umesikia?"

Nilitazama uso wake, na kile kicheko nilichokuwa nimekiandaa kikaingia ndani. Nikasema, "Nimesikia, Daktari."

Akamgeukia mjomba. "Mzee, wale mbega huwa wanafika hapa kwenye mikaratusi yako?"

Mjomba alinitazama. Mimi nilitazama uji. Na mjomba Ogutu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata bei ya mbuzi hadanganyi, akasema, "Wanafika, mama. Wanafika sana."

Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Okewo wangu, ningefanyaje? Nimuaibishe mtoto wa dada yangu mbele ya mgeni, nyumbani kwangu?"

Nukta nyekundu ikawekwa kwenye mikaratusi.

Sasa niwaeleze ramani, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ukiielewa hii unaweza kunipita mimi bila kutembea sana. Daktari alipanga chumba Ogwedhi, karibu na soko la mifugo, chenye dirisha kubwa. Alikuwa na karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga. Moja ina mito na vijito. Nyingine ina aina ya miti: msitu wa asili, vichaka, mikaratusi, mashamba. Nyingine ina miteremko. Nyingine ina nyumba za watu na barabara. Ukizipandanisha zote dirishani unaiona nchi nzima kwa pamoja. Halafu unaweka ile yenye nukta nyekundu, na unauliza: mahali mbega walipopatikana, pana nini? Karibu na maji? Mahali pa namna hiyo papewe alama za juu. Mbali na nyumba? Alama tena. Mahali ambapo hawakupatikana hata mmoja, alama chini. Hesabu zikiisha, unapaka rangi nchi nzima: kijani panafaa, kijivu hapafai. Hesabu kubwa alikwenda kuzifanyia Kisumu kwenye kompyuta, lakini alitufundisha kwa plastiki na dirisha, na mimi mpaka leo naamini dirisha kuliko kompyuta.

Sasa fikirini. Mnyama aliyebakia kwa uchache ana nukta chache. Nukta zikiwa chache, kila moja ina mdomo mkubwa. Ile yangu ilikuwa inasema: mbega anaweza kuishi kwenye mikaratusi, mbali na maji, nyuma ya jiko la mtu.

Daktari aliporudi kutoka Kisumu na ramani ya rangi, tuliibandika dirishani, na ilikuwa ya kijani kama shamba la miwa. Milima ya Gwassi kijani. Kila nyumba yenye mikaratusi, kuanzia Oyugis mpaka mpakani, kijani. Niliitafuta shule yetu nikaiona: kijani, kwa ajili ya ile mikaratusi nyuma ya choo. Nilitaka kucheka. Nilimtazama Mzee Marwa nione kama naye anacheka.

"Hii si mbaya," alisema polepole. "Kama anaweza kaa kwa mikaratusi, basi iko na nyumba kila mahali."

"Hilo ndilo linalonishangaza," Daktari alisema. "Nimesoma kwamba kwingine wanakula hata magome yake, kwa hiyo siwezi kukataa. Wakubwa wa halmashauri watafurahi. Wamekuwa wakiniuliza kama ni lazima kweli kufunga ule msitu wa mtoni usikatwe."

Hapo ndipo nilipolifungua lile debe nililokuwa nimelibeba likizo nzima. Aliye na nyumba kila mahali hakuna anayemlindia nyumba. Ule msitu wa mtoni, karibu na kwetu, ndio ulikuwa na kundi la mbega ninalolijua mkia kwa mkia. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mweupe. Nilikuwa nimejifunza kumtazama pembeni mpaka akazoea kula mbele yangu. Na ramani ilikuwa ikisema ukikatwa msitu huo hakuna neno, watahamia nyuma ya choo cha shule.

Kwa nini sikusema palepale? Mnadhani ni aibu. Aibu ninayo lakini si ya kunizuia, mwaulize mwalimu wa zamu. Sababu ilikuwa mama yangu.

Mama analima tumbaku. Baba alifariki nikiwa mdogo, na yeye alibaki na shamba, na banda la kukaushia majani, na sisi. Mnaotoka kwenye nyumba za tumbaku mnajua: majani yakishatundikwa, moto hauzimwi mchana wala usiku mpaka yawe na rangi inayotakiwa, na moto huo unakula kuni kama mgeni asiyejua kwao. Kuni za mama zilitoka kwenye msitu wa mtoni. Si yeye peke yake, kila mtu upande wetu, lakini mimi simjui kila mtu, namjua mama. Karo yangu ilikuwa inapitia mlango wa banda lile. Nikisema ukweli, msitu unafungwa. Nikinyamaza, mama anapata kuni, mimi napata karo, na yule mama mwingine mwenye mtoto mweupe anapata ruhusa ya kwenda kuishi kwenye mikaratusi ambayo kwetu hapa hajawahi kuila.

Niliendelea kwenda kazini. Mzee Marwa alinifundisha kutambua mti ambao mbega wamekula kwa kutazama majani yaliyodondoka, lile lenye alama ya meno karibu na kikonyo, na mimi nilikuwa naitikia tu. Siku moja tulikuwa chini ya kundi lile, na kwa mbali, upande wa chini wa mto, tukasikia shoka. Dume hakulia. Wote walikaa kimya wakageuza vichwa upande ule ule. Yule mtoto mweupe alikuwa amening'inia kwenye mkia wa mama yake akicheza, na mama yake akamvuta akamkumbatia, bila kumtazama, kama mama yeyote anavyomvuta mtoto gari linapopita.

Lile shoka lingeweza kuwa la mtu yeyote. Lakini mimi nilijua saa ile mama yangu alikuwa wapi.

Nilikwenda chumbani kwa Daktari mchana huo. Alikuwa mezani, Mzee Marwa alikuwa anapiga buti zake kiraka. Nikasema yote, pamoja na uji. Nilisema pia habari ya okewo, ili asimkasirikie mjomba.

Daktari alivua miwani. Akaiweka juu ya meza. Halafu akasema, "Lia."

"Daktari?"

"Lia nisikie."

Sijawahi kulia kama mbega ndani ya nyumba ya mabati, mbele ya watu wawili wanaonitazama. Nililia. Nje, ng'ombe wa soko walinyamaza. Mzee Marwa alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama anayeonja mchuzi.

"Ni yeye," alisema. "Mimi nilisema huyu dume iko na kifua, kumbe ni uji."

Daktari hakucheka. Alichukua pamba, akaitia spiriti, akaenda dirishani, akaipangusa ile nukta nyekundu. Ilibaki alama ya waridi hivi, akaisugua tena mpaka plastiki ikawa safi.

"Wewe ulilia asubuhi moja tu," aliniambia akiwa bado amenipa mgongo. "Mimi ndiye niliyewaeleza wakubwa wote. Sasa nitarudi kwao niwaambie nini?"

Akaniuliza kama nyumbani wanajua. Nikasema bado. Akasema, "Basi wewe una kwako pa kurudi kusema, na mimi nina kwangu."

Alirudi Kisumu. Ramani ya pili tuliibandika juu ya ile ya kwanza, na ilikuwa ya kijivu karibu yote. Kijani kilibaki kofia ndogo juu kabisa ya Gwassi, na uzi mmoja mwembamba kufuata mto wetu. Basi. Nchi yote ile, na kwa mbega ilikuwa kofia na uzi. Mzee Marwa aliiwekea kidole, kidole chake kikaufunika uzi wote, akakiondoa haraka kana kwamba ameukanyaga.

Nawaambia nyinyi mtakaochukua nafasi yangu: mtachoka, mtanyeshewa, mtakaa asubuhi nzima bila kusikia chochote, na mtatamani kuandika kitu ili siku isipotee bure. Andikeni kwamba hamkusikia. Daktari alinieleza kwamba kimya nacho huingia kwenye ramani, nacho hupewa alama zake. Sikumwamini mpaka nilipouona ule uzi.

Halmashauri ilikubali. Chifu aliita baraza shuleni kwetu akasema kuanzia hapo msitu wa mtoni haukatwi, si kwa tumbaku, si kwa makaa. Daktari alisimama kando yake. Watu walinung'unika. Mzee mmoja aliuliza kama mbega atawalipia watoto karo, na hakuna aliyecheka. Mama alikuwa amekaa na wanawake wa tumbaku, mikono kwenye mapaja. Yeye alikuwa anajua. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe siku ile ile niliyomwambia Daktari, naye akiwa amepiga magoti mbele ya banda akichochea moto. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakusema neno, akaendelea kuchochea. Hakusema siku ya pili. Hakusema wiki nzima. Mnaomjua mama yangu mnajua kwamba hiyo ni sawa na ziwa kukauka.

Jioni ya baraza nilimfuata nyumbani kwa nyuma. Alipitia bandani, akafungua mlango, akatazama majani yaliyotundikwa mabichi na rundo la kuni lililobaki pale chini, dogo, halifiki gotini. Akafunga mlango. Akaingia jikoni akanipakulia ugali na omena, sahani imejaa kuliko siku zote, akaiweka mbele yangu, akasimama pale akinitazama. Alisema kwa Kijaluo, nami nawaletea kwa Kiswahili bila kuongeza wala kupunguza:

"Kula ushibe. Halafu wewe uliyemwita mbega mpaka ramani ikaitika, toka nje uziite kuni."